Gari dogo likitetemeka kwenye ralanti: msafirishaji wa Rumonge aanzie wapi?

RUMONGE, Burundi – Ipo kasoro moja ya injini ambayo madereva wengi wa magari madogo katika mwambao wa Ziwa Tanganyika huiahirisha mpaka siku itakapowaachia mzigo njiani. Gari linawaka, linakwenda na linapanda mlima, lakini likisimama tu kwenye kizuizi au kwenye foleni ya mpakani, usukani unatetemeka, vioo vinapiga kelele, taa zinafifia na kupanda, na mara injini inazima. Fundi wa Rumonge, au wa Buyenzi mjini Bujumbura, atasema ralanti imeharibika. Fundi wa Kigoma atasema gari halina sailensi, au linamisi. Wote wanazungumzia jambo moja, yaani mzunguko wa injini wakati dereva hajakanyaga mafuta.

Kwa mtu wa safari za mjini hiyo ni kero tu. Kwa anayebeba mukeke na ndagala ni hasara. Wavuvi huingia ziwani usiku na taa zao, samaki hufika ufukweni alfajiri, na kutoka Rumonge hadi Bujumbura kuna kilomita zipatazo 75 kwa Barabara ya Taifa namba 3. Barafu haimsubiri fundi. Aidha, tangu mwaka 2021 Burundi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa petroli, na gari ambalo dereva wake anaogopa kulizima kwa hofu ya kutowaka tena hunguruma bure huku likimaliza mafuta yaliyopatikana kwa taabu.

Matokeo yake ni kwamba mwenye gari huanza kununua vipuri kwa kubahatisha. Leo sensa, kesho koili, keshokutwa kontroboksi ya mtumba, na gari bado linatetemeka. Kumbe maswali mawili ya kwanza hayagharimu kitu: gari linatetemeka wakati gani hasa, na tanki lilijazwa wapi mara ya mwisho?

Kwa nini kasoro hujionyesha gari likiwa limesimama

Gari linalochukuliwa hapa kama mfano ni Toyota Probox, kwa kuwa ndilo linalobeba abiria na mizigo midogo mahali pengi katika barabara hiyo. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na nyingi zina injini ya 1NZ-FE ya silinda 4 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,496. Injini hiyo ikiwa na moto wa kutosha, ralanti yake ni takriban mizunguko 700 kwa dakika. Kwa mwendo huo kila silinda hupiga karibu mara 6 kwa sekunde. Silinda moja ikikosa kupiga, pengo linatokea mara 6 kila sekunde, na hilo ndilo dereva analolisikia kwenye usukani. Gari likiwa katika mwendo, mapengo huwa ya karibu sana na uzito wa gari lenyewe unayaficha.

Kuna sababu ya pili. Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta. Kwenye ralanti mlango wa hewa, ambao mafundi huuita throto, unakuwa karibu umefungwa kabisa, hivyo hewa inayopita ni kidogo sana. Tundu dogo kwenye mpira likivuta hewa ya wizi, hewa hiyo huwa sehemu kubwa ya chakula cha injini. Dereva akikanyaga, throto inafunguka, hewa halali inakuwa nyingi, na ile ya wizi haionekani tena.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza linaposaidia. Gari linalotetemeka likisimama lakini linatulia kabisa mara dereva akipiga resi kidogo, mara nyingi lina tatizo la hewa: mpira uliopasuka, throto chafu au valvu ya ralanti iliyoganda. Linaloendelea kumisi hata likikanyagwa, hasa kwenye mlima, mara nyingi lina tatizo la umeme wa plagi au la mafuta kutofika vizuri. Linalotetemeka asubuhi tu likiwa baridi, kisha likatulia, mafundi huanza kwa kutazama plagi, nozeli zinazovuja na sensa ya joto. Kanuni hizi si za kuapia, lakini zinapunguza sana kubahatisha.

Petroli ya kidumu

Katika mwambao huu swali la tanki linastahili kutangulia hata kufungua boneti. Vituo vinapokauka, petroli nyingi hupatikana kwa vidumu, mingine ikiwa imevuka kutoka Tanzania au Kongo. Mbali na kwamba mafuta yasiyolipiwa ushuru ni magendo na kwamba kidumu cha petroli ndani ya gari la abiria ni bomu, hakuna anayejua kidumu hicho kilibeba nini kabla.

Rumonge ni mji wa mawese. Vidumu vya plastiki vinavyobeba mawese ndivyo hivyo hivyo vinavyoweza kesho kubeba petroli, na petroli huyeyusha mafuta yaliyoganda pembeni. Mawese hayo hayaungui kama petroli. Yanaacha utando kwenye nozeli na nyuma ya valvu. Kidumu kilichosuuzwa kwa maji ya ziwa na kujazwa kabla hakijakauka nacho huingiza maji kwenye tanki. Halafu kuna uchakachuaji wa makusudi, petroli kuongezwa mafuta ya taa.

Maji yanajulikana kwa urahisi. Petroli ichotwe kwenye chupa safi inayoonyesha, iachwe itulie nusu saa mbali na moto, sigara na majiko. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740 na lita ya maji gramu 1,000, kwa hiyo maji yatakaa chini na mstari kati yao utaonekana wazi. Ni vizuri sampuli itoke chini ya kidumu, kwa sababu juu hata petroli mbovu huonekana safi.

Kwa mafuta ya taa, tone moja lidondoshwe kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama ya maana. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokawia. Kipimo hiki si cha maabara na hakiwezi kugundua mchanganyiko mdogo, ila kinatosha kumfanya mnunuzi akatae kidumu kabla hajalipa. Kwenye gari lenyewe dalili ni kuwaka kwa shida asubuhi, moshi wenye harufu ya jiko la mafuta ya taa, plagi zenye masizi meusi makavu, na injini kugonga kama njuga ikipanda mlima.

Ikithibitika kwamba mafuta ni mabaya, dawa ni kuyamwaga yote kwenye chombo salama, kusafisha tanki na chujio la pampu, na kuanza upya. Kuongeza lita 5 nzuri juu ya lita 10 mbaya ni kupoteza zote 15. Ni uamuzi mgumu wakati petroli haipatikani, lakini pampu na nozeli 4 ni ghali zaidi.

Tabia nyingine iliyokuja na uhaba ni kuendesha gari na tanki karibu tupu wiki nzima. Pampu ya umeme iliyo ndani ya tanki hupozwa na petroli inayoizunguka. Mafuta yakiwa kidogo, pampu inachemka, tena inavuta uchafu uliokaa chini kwa miaka. Madereva waliozoea kulala kwenye foleni wakiwa na lita 2 ndani wasishangae chujio likiziba.

Wabebaji wa samaki wana tahadhari yao ya ziada. Katika magari mengi madogo soketi ya umeme ya pampu iko chini ya kiti cha nyuma. Maji ya barafu yanayochuruzika kutoka kwenye matenga yakifika hapo, kutu huanza, umeme unapungua na pampu inasukuma kwa unyonge. Turubai nzito au beseni chini ya mzigo inatosha kuzuia hilo.

Hewa ya wizi

Barabara ya kandokando ya ziwa imeyachosha magari. Kipande cha Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, kimo katika mradi ulioidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018 pamoja na barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania, kilomita 260. Lakini mipira ya gari iliyotikiswa kwenye mashimo na vumbi kwa miaka haiponi kwa sababu lami imewekwa. Mpira mkubwa unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye throto hupasuka kwenye mikunjo, upande wa chini ambako jicho halifiki. Lazima uondolewe, ukunjwe kwa mikono na kutazamwa penye mwanga.

Mipira midogo hupimwa injini ikinguruma. Kila mmoja ubanwe kwa koleo kwa sekunde chache, na fundi asikilize. Ralanti ikibadilika na kutulia mpira fulani unapobanwa, njia hiyo ndiyo inayopitisha hewa. Mpira wa valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini, usisahauliwe. Valvu yenyewe ikitikiswa inapaswa kulia kama kete ndani ya kopo. Mpira wa busta ya breki una kipimo chake: ikiwa injini inatetemeka zaidi kila breki inapokanyagwa, busta au mpira wake unavuja, na hilo ni suala la usalama, si la ralanti peke yake. Kwenye gasketi ya manifoldi, maji kidogo ya kunyunyiza yanaonyesha mengi, kwa kuwa mlio wa injini hubadilika pale yanapovutwa ndani. Baadhi ya mafundi hunyunyiza petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Juu ya injini yenye moto, huko ni kutafuta ajali.

Jambo moja linalowachanganya hata mafundi: hewa ya wizi haina dalili moja kwa magari yote. Probox hupima hewa inayoingia kwa sensa iliyo karibu na chujio, hivyo hewa inayoingia baada ya hapo haijahesabiwa, mchanganyiko unakosa mafuta na injini inatetemeka. Corolla na Starlet nyingi za miaka ya 1990 hupima mgandamizo ndani ya manifoldi. Hizo zikivuja, kontroboksi inaona hewa imeongezeka, inaongeza mafuta, na ralanti inapanda juu. Gari hilo hilo likipelekwa kwa fundi asiyejua tofauti hii, atashusha ralanti na kuacha tundu lilipo.

Baada ya mipira ni throto yenyewe. Mvuke wa oili na vumbi hujenga utando mweusi ukingoni mwa kile kibati kinachofunguka, na utando huo unaziba upenyo mdogo ambao ralanti inautegemea. Kusafisha ni kazi ya nusu saa kwa dawa ya throto na kitambaa laini. Kwenye magari yenye waya wa ekselereta, valvu ya ralanti iliyo pembeni nayo isafishwe. Kwenye yale ambayo kibati kinafunguliwa na mota, kisisukumwe kwa nguvu kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Mara baada ya kusafisha, ralanti inaweza kuwa juu au kuyumba, kwa sababu kontroboksi ilikuwa imezoea uchafu. Nyaya za betri zitolewe kwa muda, kisha gari liachwe lingurume bila kiyoyozi hadi lipate moto, na mara nyingi linajirekebisha lenyewe. Wapo wanaorudisha gari kwa fundi siku hiyo hiyo wakidai ameliharibu.

Buji, plagi na koili

Anayenunua vipuri pande zote mbili za mpaka afahamu majina. Plagi ya Kigoma ndiyo buji ya Bujumbura, na koili ni bobini. Kitu ni kile kile, na udanganyifu pia ni ule ule: plagi bandia zenye maboksi mazuri zipo masoko yote. Bei iliyo chini mno ya ile ya maduka mengine ni onyo tosha. Pia, kipuri cha Japani hakigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu kimenunuliwa Kigoma. Burundi imo katika Umoja wa Forodha tangu mwaka 2009, lakini nafuu ya ushuru huangalia bidhaa ilitengenezwa wapi, hivyo anayevusha mzigo wa vipuri Manyovu na Mugina aweke risiti zake vizuri.

Kujua silinda iliyolala si kazi kubwa. Injini ikinguruma, soketi ya nozeli ya kila silinda ichomolewe moja baada ya nyingine na kurudishwa. Silinda nzima ikichomolewa, injini inashtuka na kutaka kuzima. Ile ambayo ikichomolewa hakuna kinachobadilika, ndiyo mgonjwa. Ni bora kuchomoa nozeli kuliko koili, kwa sababu koili ikichomolewa petroli mbichi inaendelea kumiminika na kuharibu kichujio cha moshi, tena umeme wa koili si wa kuchezea.

Silinda ikishajulikana, injini izimwe na koili yake ihamishiwe silinda ya jirani. Kumisi kukihama pamoja na koili, koili imekufa. Inunuliwe moja, si nne. Kukibaki palepale, ihamishwe plagi. Kukibaki tena, zimesalia nozeli na mgandamizo wa silinda yenyewe. Kwa kubadilishana vipuri vilivyomo tayari ndani ya gari, jibu linapatikana bila kutoa hata faranga.

Plagi zenyewe nazo zinasema. Rangi ya kijivu au kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu ni mafuta mengi au mafuta ya taa. Iliyolowa petroli haipati cheche. Iliyolowa oili inaonyesha oili inapanda kutoka chini au inashuka kutoka kwenye valvu. Kwa 1NZ-FE mwanya wa plagi ni takriban milimita 1.1, na kichwa cha injini ni cha alumini, hivyo plagi ianze kufungwa kwa mkono, injini ikiwa imepoa.

Mashine ya kupimia isiabudiwe

Taa ya injini ikiwaka, kupima kwa mashine ni jambo jema. P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu. P0301 hadi P0304 hutaja silinda. P0171 husema mchanganyiko umekosa mafuta. Lakini P0171 haisemi sensa ya oksijeni imekufa. Inasema sensa imeona hewa nyingi, na pengine ni shahidi mkweli wa mpira uliopasuka au pampu iliyochoka. Sensa nyingi nzima zimetupwa kwa kosa hili. Isitoshe, vifaa vya bei ndogo vinavyounganishwa na simu mara nyingi havisomani na magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, na kutosoma si ushahidi kwamba kontroboksi ni mbovu.

Mtindo mmoja wa gereji unahitaji kukemewa hapa: kuondoa themostati kwa madai kwamba nchi ya joto haiihitaji. Bila themostati injini inachelewa kupata moto, kontroboksi inaendelea kuongeza mafuta kama kwamba ni alfajiri, plagi zinashika masizi na petroli inakwenda. Katika mji ambao lita moja inasubiriwa kwa siku, huo ni wizi wa kujifanyia. Vivyo hivyo kupandisha ralanti kwa nguvu ili gari lisizime: linatulia kwa muda, linakunywa zaidi, na ugonjwa unabaki.

Vipimo vyote vikiwa safi na kila silinda inapiga, atazamwe raba za kushikilia injini. Msaidizi akanyage breki, aingize gia ya D, kisha R. Injini ikiruka sana, raba zimekatika na kinachotetemeka ni bodi tu. Hakuna plagi itakayoondoa hilo.

Habari mbaya ni silinda ambayo koili, plagi na nozeli vimebadilishwa na bado imelala. Hapo upimwe mgandamizo kwa geji, na ulinganishwe na wa silinda nyingine tatu. Silinda iliyo chini iongezwe kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya kichwa. Kazi hiyo haifanyiki kando ya barabara Magara au Minago huku samaki wakiwa ndani. Mzigo uhamishiwe gari jingine kwanza, na mwenye gari aombe bei mbili kabla injini haijafunguliwa: ya kutengeneza kichwa, na ya injini nzima ya mtumba iliyosikilizwa ikinguruma mbele yake.